Kodi ya Milango Sita

Jioni moja, baada ya kuosha vyombo, binti wa fundi cherehani alikaa na mama yake kushona vifungo. Lakini mawazo yao yalikuwa kwenye nyumba ya vyumba sita vya kupangisha. Dalali alitaka milioni kumi na nane. Ili kuifikia bei hiyo, juu ya akiba yake yote mama angeuza cherehani mbili kati ya tatu alizokuwa nazo.

"Elfu hamsini kwa chumba, mara vyumba sita, mara miezi kumi na miwili," binti alisema huku macho yakimng'aa. "Milioni tatu na laki sita kwa mwaka! Miaka mitano tu, mama, pesa yote imerudi." Tayari alishaota chumba chake mwenyewe, kitakachojengwa kwa kodi hiyo.

Kesho yake walikwenda kuiona. Milango mitatu ilikuwa na kufuli.

"Wapangaji wako kazini," alisema dalali. "Ukichelewa, mama, utasikia imeshanunuliwa."

Binti aliomba kwenda chooni. Mpangaji mmoja aliyekuwa akifua alicheka. "Ziba pua, mwanangu. Kimejaa tangu mvua zianze. Wenzetu watatu walishindwa, wakahama."

Binti aliwaza. Akisema, chumba chake kinakwenda na maji. Asiposema, cherehani za mama ndizo zitakazokwenda. Alirudi, akamnong'oneza mama yake yote.

"Hebu tufungulie vile vitatu," mama alimwambia dalali.

"Funguo wanazo wenyewe!"

"Acha maneno, kaka," aliita yule mpangaji. "Si umezitia mfukoni asubuhi hii?"

Dalali alikohoa, akafungua. Ndani mlikuwa na vumbi tupu.

Njiani binti alipiga hesabu upya. Vyumba vitatu vilileta milioni moja na laki nane. Mama akamwambia atoe laki tatu za matengenezo ya kila mwaka. "Miaka kumi na miwili," binti alisema kwa unyonge, "na choo kipya hatujachimba."

"Basi hatununui. Tutatafuta nyingine, cherehani zetu zikiwa zinafanya kazi."

"Kumbe jana nilikosea, mama."

"Kuzidisha ulizidisha sawasawa. Ila sote wawili tulihesabu milango, mwanangu, na mlango haulipi kodi. Anayelipa ni mtu. Kabla ya kutoa pesa yako, nenda kamtafute huyo mtu, umuulize anaishije."