Paneli za Paa la Bekari

Kila asubuhi kabla ya shule, Nynke alimsaidia mama yake, Wietske, kupanga mikate kwenye rafu za bekari yao mjini Workum. Mwaka ule umeme wa tanuri ulikuwa ghali mno hata Mama akafikiria kuifunga bekari. Halafu akaamua: ataweka paneli za sola juu ya paa, na watu watamkopesha kidogo kidogo kupitia mtandao wa kuchangisha fedha.

Lakini mtandao upi? Nynke, mwenye miaka kumi na mitatu, aliketi kwenye kompyuta.

"Mama, huu hapa! Unajaza fomu leo, kesho watu wanaanza kuchangia. Hata tusipofikisha lengo, tunachukua fedha zilizopatikana."

"Wameuliza kama paa limekaguliwa?"

Nynke aliinamisha macho. "Nimeandika ndiyo."

"Limekaguliwa na nani?"

"Linaonekana zima tu, Mama! Ule mtandao mwingine unataka ripoti ya mhandisi, hesabu za miaka mitatu... Wiki sita hizo!"

Mama alikung'uta unga mikononi. "Bi Tjitske hapo jirani ataweka akiba yake ya uzeeni. Tukipata nusu ya fedha, tutafunga nusu ya paneli, yeye atalipwa kwa fedha gani? Kwenye huo mwingine, lengo lisipofikiwa kila mtu anarudishiwa chake. Tunakwenda huko. Futa hiyo fomu."

Nynke akanuna, lakini akafuta.

Mhandisi alipokuja, alipanda darini akagongagonga mbao. Akashuka akitikisa kichwa. "Boriti mbili zimeoza. Mngeweka paneli, zingewaangukia humu ndani."

Nynke alitazama juu. Pale chini ya boriti zile ndipo Mama alipokuwa akisimama kila siku kukanda unga.

Waliacha safari yao ya likizo, fedha zake wakatengenezea paa. Kisha Nynke mwenyewe akaandika kwenye ukurasa wao wa kuchangisha: "Boriti mbili zilikuwa zimeoza. Tumezibadilisha. Picha hizi hapa."

"Sasa watatukimbia," alinong'ona.

Kesho yake Bi Tjitske aliingia dukani. "Nimesoma habari za boriti zenu, binti. Nilitaka kuweka euro mia mbili. Nimeweka mia tano."

Lengo lilifikiwa siku ya kumi na tisa ya kuchangisha. Siku mafundi walipowasha mitambo, Mama alimshika Nynke bega.

"Mtu akikupa fedha zake bila kukuona, anachokiona ni maneno yako tu," alisema. "Basi yawe ya kweli, hata yakikuchelewesha."