Gari Langu Lilikuwa Zima

Nina miaka ishirini na saba, nina digrii, na naishi Magogoni, Kisauni, pamoja na mama yangu. Sentensi hiyo moja nimeiandika na kuifuta mara nyingi... Naona haya hata mbele ya watu nisiowajua.

Mama alipopata kiharusi, mguu wake wa kushoto ulilegea. Mjomba Salim, kaka yake, akanipa gari lake dogo jekundu lenye injini kali, kwa sharti moja. Kila Jumanne na Ijumaa nimpeleke mama kliniki ya mazoezi ya viungo.

"Gari ni la mamako," aliniambia. "Wewe ni dereva tu."

Nikaitikia, naam mjomba.

Lakini nililipenda gari lile kupita kiasi! Kazi nilikuwa naomba kila wiki bila kujibiwa. Gari ndicho kitu pekee kilichoitika nilipokigusa. Kila asubuhi nilipima oili mara mbili, upepo wa tairi mara tatu. Nikatia rimu pana, nikabadilisha ekzosi ingurume. Mwishowe nikaweka springi fupi, gari likashuka hadi bampa ikakaribia kugusa chini.

Vijana wa barazani wakanitania, "Bwana, hilo gari au kobe?" Nilicheka, na moyoni nikaona fahari.

Mama alilalamika mara moja tu, kwamba kila shimo lampiga mgongoni. Nikamweleza jinsi gari lililoshuka linavyotulia kwenye kona. Kona gani, jamani? Kwetu hadi kliniki ni mashimo matupu!

Ijumaa moja kulikucha mvua imenyesha, njia imejaa maji. Bampa nilikuwa nimeipaka rangi juzi yake. Nikasimama mlangoni nikiyahesabu mashimo kichwani. Bampa ikipasuka je? Maji yakiingia kwenye injini je? Mama alikuwa ameshavaa buibui, amekaa na mkongojo wake, ananingoja.

Nikamwambia gari limekataa kuwaka.

"Haya mwanangu," akasema. "Usijisumbue, nitapanda tuktuk."

Ningeweza kufuatana naye... Sikwenda! Nilibaki nimefungua boneti, eti natengeneza.

Tuktuk ile ilizamisha gurudumu kwenye shimo lililofichwa na maji, ikapinduka. Mama akavunjika mfupa wa paja.

Aliporudi kutoka hospitali, majirani walikuja kumtazama. Kila aliyeingia, mama alimwambia kwamba mwanawe angempeleka, masikini, ila gari ndilo lililomwangusha. Nilikuwa nasimama pale na sinia la chai, nasikia nikisifiwa! Maneno ya kukiri niliyapanga na kuyapangua kila siku. Nilikuwa natafuta siku nzuri. Kuna siku nzuri ya kusema jambo kama lile?

Alasiri moja Mjomba Salim akaja na fundi wake, Kombo, ili gari litengenezwe. Nikasema nitalishughulikia mwenyewe. Mjomba akaomba ufunguo, akampa Kombo. Majirani walikuwa barazani, na mama amelala karibu na dirisha lililo wazi.

Likawaka mara moja... Ekzosi ikanguruma, mtaa mzima ukasikia!

Kombo alisikiliza kidogo, akazima, akafungua boneti akachungulia. "Hili halina ugonjwa," akasema. "Wala injini haijafunguliwa hata nati moja."

Mjomba akauchukua ufunguo, akautia mfukoni. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo sauti ya mama ikatoka dirishani, taratibu. "Magari nayo yana siku zake, Kombo. Muacheni mwanangu."

Alijua! Sijui tangu lini, lakini alijua. Nilipoingia kumwomba radhi, nikashindwa kusema kwa kilio. Akanishika mkono, akaniuliza kama nimekula.

Mjomba alilichukua gari. Mama hatembei hadi leo.

Vijana wenzangu, tunzeni magari yenu, yapambeni mtakavyo. Lakini kabla hujalishusha gari lako, muulize anayeketi kando yako kama mgongo wake utastahimili. Na ukisema uongo, ufichue siku ile ile, hata kama midomo inatetemeka. Mimi nilingoja... na mama yangu, mgonjwa kitandani, akalazimika kusema uongo mbele ya watu ili anisitiri.