Fine ya Babu Wilf

Kila siku akitoka shule, Nell Ackroyd huvua viatu vyenye matope mlangoni, hubandika birika, kisha humwita babu yake ndani wanywe chai. Siku hiyo aliubamiza mlango mpaka mbwa akakimbilia chini ya meza.

"Makubwa!" Babu Wilf alisema. "Nani kakukanyaga mkia?"

Aliyemkasirisha ni Mwalimu Ogden. Alikuwa amempa kila mwanafunzi kivumishi kimoja cha Kiingereza akieleze, na Nell aliangukiwa na "fine". Alinakili maana zote kutoka kwenye kamusi, kwa mwandiko wa kupendeza, lakini mwalimu akamrudishia kazi yake. "Hii ameifanya mwenye kamusi," alimwambia. "Kasikilize watu wanavyolitumia." Rafiki yake Toby akadakia kwamba kuna fine anayotozwa baba yake akiegesha gari vibaya. Darasa zima likawacheka wote wawili, maana hiyo ni faini, ni nomino wala si kivumishi.

"Babu, fine maana yake nini?" Nell aliuliza kwa hasira.

Babu alichungulia dirishani. Mvua ilikuwa imekatika vilimani. "Kukianuka hivi, kuko fine. Unga wa keki wa mama yako nao ni fine, laini kabisa. Na huyu mbwa akiniibia soseji, nasema, 'Hii ndiyo fine!'"

"Lakini hiyo si fine, ni balaa!"

"Ndiyo maana yake."

Nell alitamani kulia. Neno gani hili, linasifu huku linasuta? Alinyanyua birika amwongeze babu chai.

"Niko fine," babu alisema, akifunika kikombe kwa mkono wa kushoto.

"Na hapo?"

"Hapo ni kwamba sitaki."

Nell akashangaa. Babu hutumia mkono wa kulia, na huo ulikuwa chini ya meza tangu waketi. Jumapili alipokuwa akijenga upya ukuta wa mawe wa malisho ya kondoo, jiwe lilimwangukia mkononi.

"Babu, mkono unaendeleaje?"

"Fine."

Zile nyingine zote alikuwa amezieleza kwa madaha. Hii aliitamka haraka, macho yake yakiwa kwenye kikombe.

"Hebu nione."

"Nimeshasema uko fine! Mtoto unang'ang'ania kama kupe!"

"Nimechoka na fine zenu!" Nell alifoka, machozi yakimtoka. "Kila mtu humu ndani yuko fine! Bibi naye alikuwa fine mpaka gari la wagonjwa likaja kumchukua!"

Babu alikisogeza kikombe pembeni. Kisha taratibu akautoa mkono chini ya meza. Ulikuwa umevimba, kidonda kinatoa usaha, na mstari mwekundu umepanda kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Nell hakuuliza tena. Alimpigia mama yake simu, naye akaacha kazi dukani, akaja na gari, wakampeleka babu hospitali.

Daktari aliutazama ule mstari, uso ukabadilika. "Unajisikiaje, mzee?"

Babu alifungua kinywa, akamtazama Nell, akakifunga. "Unauma," alisema hatimaye. "Unauma sana, tangu Jumapili."

"Ahsante. Sasa naweza kukutibu." Daktari akamwekea dripu ya dawa. "Sumu ya kidonda imeanza kusambaa. Mngechelewa, tungekuwa tunazungumza mengine. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mshukuru mjukuu wako."

Babu alilazwa, na asubuhi homa ikawa imeshuka. Nell akaenda shule na kazi yake mpya. Mwalimu Ogden aliisoma akitabasamu, hadi alipofika mstari wa mwisho: *Fine: naumwa, lakini sitaki mjue.* Tabasamu likatoweka.

"Hii ndiyo maana tunayoitumia zaidi," alisema. "Na ndiyo inayotuumiza zaidi. Anayekuuliza hali yako, mwambie kweli, ili apate pa kukusaidia." Akamtazama Nell usoni. "Na wewe, kipenzi, hujambo?"

"Fi..." Nell alianza, akajikamata. "Hapana, Mwalimu. Sikulala. Niliogopa atakufa."

Mwalimu akaiweka karatasi chini, akavuta kiti karibu naye. "Haya," alisema, "nieleze."