Msiling'oe Gego la Chiriku

Mama Chiriku alikuwa amechoka. Si cherehani iliyomchosha, wala wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka nguo jana. Hao alishawazoea. Aliyemchosha ni mumewe, na mwenyewe alikuwa nje anapiga randa mbao zake kama hakuna linalomhusu.

Binti yao alikuwa na miaka tisa. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Asubuhi hiyo alikuwa kimya. Ameshika shavu la kulia, na chai yake imepoa mezani.

"Gego linamuuma tena!" mama alisema kutoka dirishani.

"Si mling'oe!" Baba Chiriku alijibu bila kuinua kichwa. Yeye ni seremala, fundi wa milango na madirisha. "Lile la kushoto si tulilitoa mwaka jana, mtoto akalala? Hayo ni meno ya utotoni. Yataota mengine."

"Na la kushoto mbona halijaota?"

"Litaota. Haraka haraka haina baraka."

Mama akasonya. Kila jambo lililomtaka mume huyu ainuke, ghafla haraka ilikosa baraka. Akaifunika cherehani, akamshika mtoto mkono, wakaenda kliniki ya meno.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba.

"Tumekuja kung'oa, daktari. Hili hapa la kulia."

"Nani amesema ling'olewe?"

"Baba yake."

"Ni daktari mwenzangu?"

"Ni seremala."

"Haya. Na mimi nikitoka kazini nitapita nikamtengenezee kabati."

Chiriku akacheka, halafu akakumbuka kwamba jino linauma.

Daktari alimlaza kitini, akachungulia kwa kioo kidogo chenye mkono mrefu. "Hili limetoboka, lakini bado zima ndani. Nitalisafisha na kuliziba, litaacha kuuma. Njoo nikuonyeshe huku kushoto, mama. Gego mlilong'oa lilikuwa hapa. Pengo lake liko wapi?"

Mama akainama, akaangalia. Pengo lilikuwa limebaki dogo, hata punje ya mahindi isingeingia.

"Limejifunga lenyewe?"

"Gego kubwa la nyuma limesogea mbele. Jino la utotoni halina kazi ya kutafuna tu. Linalishikia nafasi jino la ukubwani mpaka lifike. Ukiling'oa mapema, meno ya jirani yanaisogelea ile nafasi. Lile la ukubwani likija linakuta pamejaa. Litaota upande, au litakwama ndani ya fizi."

"Mbona mwaka jana hatukuambiwa?"

"Mliuliza?"

Hawakuuliza. Walitaka mtoto alale tu. Mama alisikia hasira imempanda. Fungu kubwa la lawama alimwekea mumewe, lakini na lake alilijua.

"Sasa tungoje akue ndipo afungwe nyaya za kunyoosha meno?"

"Mama, kungoja ndiko kunakotuharibia! Mtoto akifika miaka saba hivi, mleteni tuangalie meno yanavyojipanga, hata kama hayamuumi. Msikawie kabisa kama ananyonya kidole, analala mdomo wazi, au meno ya juu na ya chini hayakutani vizuri. Wengi tunawaangalia tu wanarudi nyumbani. Wachache wanahitaji msaada, na taya likiwa bado linakua, msaada unakuwa mwepesi."

Akaeleza kwamba atamtengenezea Chiriku kibao chembamba cha plastiki chenye waya. Kingelisukuma lile gego la kushoto lirudi nyuma, polepole. Avae mchana na usiku, avue wakati wa kula na wa kupiga mswaki.

Nyumbani, Baba Chiriku aliangua kicheko. "Waya kwa ajili ya jino ambalo halipo? Wamekuona mjinga."

"Sawa," mama alisema. "Kibao kikiwa tayari, utampeleka wewe. Ukabishane na daktari mwenyewe. Mimi nimechoka kubeba maneno huku na kule."

Siku ilipofika alikwenda kweli, penseli sikioni, kifua mbele. Aliporudi, alikaa kwenye kigoda na kutazama sakafu.

"Nimeangalia kwa kile kioo," alisema. "Gego limeinama kabisa. Ningemwekea mtu fremu ya mlango namna ile, angenifukuza."

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Nilidhani ni maneno tu."

Basi ikaanza kero nyingine. Baba Chiriku akajifanya msimamizi wa kibao. Chiriku alikizungushia karatasi akila, akakisahau, na baba akapekua pipa la taka mpaka akakipata. Akachonga kiboksi cha mbao cha kukiwekea. "Umevaa?" asubuhi. "Umevaa?" mchana. Mteja akija kuagiza mlango, anaulizwa umri wa watoto wake na kama meno yao yameangaliwa. Mama alikuwa akiziba masikio. Lakini wateja wawili walikwenda kliniki, na hilo hakuweza kulikasirikia.

Pengo likafunguka taratibu. Daktari akabadilisha kibao, akaweka waya mdogo wa kuishikilia nafasi isijifunge tena. Gego la kulia lilibaki mahali pake, limezibwa, linatafuna vizuri. Mwaka ukapita, na mwingine ukaanza.

Siku moja Chiriku aliacha kula, akawa anapitisha ulimi shavuni upande wa kushoto. "Kuna kitu kinakwaruza."

Baba alikimbilia tochi. Katikati ya lile pengo, ncha nyeupe ya jino ilikuwa imechomoza, imesimama wima.

"Limeota! Mahali pake kabisa! Si nilisema? Nilisema mimi!"

"Ulisema nini, Baba Chiriku?" mama aliuliza.

Baba akaishusha tochi. Chiriku naye alikuwa anamtazama, mdomo wazi.

"Nilisema ling'olewe," alijibu.

Mama akaichukua tochi mkononi mwake. "Haya, nipishe na mimi nione."