Mwambie Sipo

Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala, kisha nikaanza kazi yangu ya pili: kufungua mlango. Baba yangu ni mchungaji, na nyumba yetu iko ubavuni mwa kanisa, kwa hiyo kila mwenye shida hubisha hodi kwetu kwanza. Wapo wenye wagonjwa, wapo waliokosana na waume zao, wapo hata wanakwaya wanaogombania nani asimame mbele. Watu waliniita Katibu, nami mwanzoni nilivimba kichwa.

Mwaka ule baba alichoka kupita kiasi. Leo mazishi, kesho kikao, keshokutwa mazishi tena. Akirudi alijitupa kitandani na viatu vyake na kuniambia, "Mwanangu, akija mtu mwambie sipo." Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Kufikia mara ya kumi, nilisema "Baba hayupo" bila kupepesa macho.

Alhamisi moja, saa nane mchana, alikuja bibi fundi, mama mzee anayeshona majoho ya kwaya. Alikuwa anahema, na futi ya kupimia nguo ilikuwa bado shingoni.

"Hodi, Katibu. Mchungaji nimemkuta?"

"Hayupo, bibi."

"Babu yako, mume wangu, anapelekwa hospitali kupasuliwa. Gari linakuja saa kumi, na tangu asubuhi anasema hapandi mpaka mchungaji amwombee. Anaogopa, mjukuu wangu." Akajishusha taratibu kwenye ngazi. "Basi nitamsubiri."

Hapo nilikwama, maana nilizoea watu wanaoondoka. Niliingia chumbani kumnong'oneza baba.

"Baba, bibi fundi anakungoja. Anasema..."

"Aje kesho," alinikata bila kufumbua macho. "Mahubiri ya Jumapili sijaandika hata mstari."

"Ni kuhusu nini?"

"Kusema kweli," alijibu, akageukia ukutani.

Nilikaa sebuleni na daftari la hesabu, lakini sikufanya hata swali moja. Saa tisa ikapita. Saa tisa na nusu bibi alikuwa bado ameketi pale pale, anasugua magoti yake. Nilimpelekea maji. Alipoinua uso na kunishukuru, niliona aibu hadi machozi yakanilenga.

"Bibi, nimekudanganya. Baba yupo."

"Najua, mjukuu wangu. Nilimsikia akikohoa tangu nilipofika. Nikasema mwache ajinyooshe kidogo, naye ni binadamu. Ila sasa muda umekwisha."

Dirisha la chumbani lilikuwa wazi. Baba alitoka mbio, vifungo vya shati vimepishana, akashindwa hata kunitazama.

"Mama, nisamehe."

"Utaniomba msamaha njiani, mwanangu. Gari halitungoji."

Tulimkuta babu ameng'ang'ania mlango wa gari, majirani wanambembeleza. Baba alimshika mkono, akaomba kwa maneno machache, na babu akapanda. Upasuaji ulikwenda salama.

Jumapili baba alipanda mimbarini bila karatasi.

"Leo nilipanga kuwahubiria juu ya kusema kweli," alisema. "Lakini nyumbani kwangu nimemfundisha mtoto uongo, naye amekuwa hodari." Wengine wakacheka. "Ndugu zangu, nimechoka. Ningesema hivyo tu. Badala yake nilijificha nyuma ya mwanangu."

Wazee wa kanisa walitazamana. Siku hiyo hiyo walikaa na kugawana siku za kutembelea wagonjwa, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria.

Nyumbani baba aliniita, akaniketisha karibu naye. "Mwanangu, ninayoyasema kule mbele, watu huja kuyapima hapa mlangoni. Nikisema vingine kule na kutenda vingine hapa, mahubiri yangu ni kelele tu. Usiseme tena sipo wakati nipo, hata nikikuomba."

"Na ukiwa umechoka?"

"Sema nimechoka. Kuchoka si dhambi."

Hodi ikabishwa. Nilimwangalia baba, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi, nikaenda kufungua. Alikuwa mwalimu wa kwaya.

"Yupo," nilisema, "ila amechoka sana. Nimwite?"

Mwalimu alichungulia ndani, akajikuna kichwa. "Mwache alale," alisema kwa sauti ya chini, akanisaidia kurudishia mlango polepole.