Mnene Anayelala

Adhuhuri ile ngazi za jengo la maduka zilijaa watu. Mchora mabango alikuwa anashuka na ubao uliopakwa rangi sasa hivi, fundi cherehani anapanda. Wakagongana, na gauni la njano la fundi likapata rangi nyekundu begani.

"Kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

"Nilikuwa nayo, dada. Yamehamia kwako."

Fundi alijitahidi kununa, akashindwa. Duka lake jipya lilikuwa linafunguliwa Jumamosi ya wiki ya pili, basi akamwagiza bango, na kila jioni akapita karakana ya mchoraji kuliulizia. Siku moja uchovu ukamzidi, akasinzia kwenye benchi. Kuamka, amefunikwa shati safi. Hapo akajua amenasa, na hazikupita siku nyingi wakawa wapenzi.

Sasa, huyu mchoraji alikuwa na tabia yake: herufi aliziita kama watu. Yupo Mwembamba, wa kadi za mwaliko. Yupo Askari, aliyesimama wima. Na yupo kipenzi chake, herufi nene zilizolalia kulia, zenye vikucha miguuni. Hayo fundi hakuwahi kuambiwa.

Alhamisi akafika mlangoni pa karakana, akamsikia mpenzi wake akimjibu mteja kwenye simu.

"Mwembamba? Hapana, bwana, haonekani. Mimi nampenda yule mnene anayelala. Ila ni wa mara mojamoja. Ukikaa naye kutwa, anachosha."

Fundi alikuwa amejaaliwa mwili, na benchi alilosinzia lilikuwa palepale. Akageuka, machozi yakimlengalenga. Simu ikaita mara tisa, hakupokea. Akampigia dada yake.

"Bango silitaki. Nafungua bila jina."

"Wateja watakujuaje?"

"Si mimi mnene? Wataniona."

Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wamejaa mlangoni pa duka, mchoraji akaegemeza ngazi yake ukutani, akapanda na bango lililofunikwa kitambaa.

"Shuka!"

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Mnene anayelala ni nani?"

Mchoraji akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Akavuta kitambaa. GAUNI LAKO, lilisema bango kwa rangi nyekundu, herufi zimenona, zimeinamia mbele kama mtu anayewahi kuleta habari njema.

"Huyo hapo! Amelalia kulia, ndivyo tunavyosema sisi."

"Na kuchosha je?"

"Mwandikie barua nzima uone macho yatakavyouma. Huyu ni wa bango, wa jalada la kitabu, wa neno moja zito."

Dada mtu, aliyekuja kwenye ufunguzi, alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko. Fundi akajifunika uso kwa aibu na furaha, na alipofungua vidole, mchoraji alikuwa ameshuka, ameshika kibao kidogo. Nusu yake ya kulia ilikuwa tupu. Nusu ya kushoto ilikuwa na neno moja, nene, limelala: NIKUOE?

"Nipe brashi," fundi akasema.

Akaandika pembeni yake: NDIYO.

"Umelilaza kushoto, mpenzi."

"Lako limelalia kulia. Ulitaka nani alipokee?"