Waya wa Pastor

Siku ya kwanza vilikuwa vibao viwili tu vya mpini, vya gamba la chaza, vimechorwa jogoo. Jioni vilikuwa vimekazwa kwa skrubu nne kwenye bastola. Mchana uliofuata, watu wa nyumba walipoamka kutoka usingizi wa baada ya chakula, walivikuta juu ya meza ya kulia, vimelazwa kwenye jani la mgomba, skrubu nne zimepangwa kando. Chumba kilinuka mafuta ya bunduki, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, kama ya sarafu iliyofumbatwa mkononi kutwa nzima.

"Nani kavifungua hivi?" aliuliza Wenefredo. "Shemeji, ni wewe?"

"Nilikuwa nimelala," alijibu Anselmo. "Ila aliyevifungua ana macho ya fundi."

Anselmo alikuwa fundi wa bastola, kama baba yake Dioscoro kabla yake, na karakana yake ilikuwa chini ya nyumba, katika mtaa mmoja wa Danao, kisiwani Cebu, ambako mtoto huijua sauti ya tupa kabla hajaijua kengele ya kanisa. Wenefredo alikuwa mume wa dada yake, Crisanta. Alikuwa karani, mtu wa kugonga mihuri, aliyekaribishwa mwaka ule katika klabu ya kulenga shabaha ya wakubwa wa mji na tangu siku hiyo akaanza kutembea ameachanisha mikono na mbavu, kana kwamba alikuwa na misuli. Alitaka kwenda mashindano ya sikukuu ya Septemba na bastola yenye historia. Historia ya kwake mwenyewe hakuwa nayo, kwa hiyo aliazima ya wakweze.

Bastola hiyo ya Kimarekani, ya risasi saba nene, ilikuwa ya Pastor, mdogo wake Dioscoro. Nyuma ya mpini wa bastola za namna hii kuna kipande cha chuma ambacho kiganja kisipokibonyeza, haifyatuki. Pastor alisema kinamchelewesha. Alikifunga kwa waya wa shaba kibaki kimebonyea daima, na adhuhuri moja ya Mei 1961 aliinyakua bastola mezani kwa ncha za vidole ili kuwaonyesha wageni wepesi wake. Risasi ilimpata mkewe, Salud, aliyekuwa akigawa supu. Alianguka na upawa mkononi. Pastor aliishi miaka sita zaidi, akinywa tembo la mnazi na kumweleza kila aliyekaa naye kwamba waya haukuwa na kosa.

Dioscoro aliukata waya ule, akatoa sindano inayogonga risasi, akaifungia bastola sandukuni. Kabla ya kufa alimwachia mkewe, Eleuteria, neno moja: ikitengenezwa tena, itamtafuta mwanamke wa meza ile ile.

Miaka thelathini na mitatu baada ya kifo cha Salud, mwanamke aliyegawa supu kwenye meza ile alikuwa Crisanta.

"Mama, hayo ni maneno ya wazee," Wenefredo alimwambia mkwewe. "Chuma ni chuma."

"Na kichwa ni kichwa," alisema Eleuteria, "lakini vingine havina kitu ndani."

Hata hivyo Anselmo aliikubali kazi. Hakuikubali kwa ajili ya shemeji yake. Aliikubali kwa sababu hakuna fundi Danao angeweza kuishika bastola ile na kuirudisha sandukuni. Alitengeneza sindano mpya. Kisha akamweleza Wenefredo yanayofaa kubadilishwa.

"Vitu vitatu. Alama za kulengea, maana hizi za kale ni ndogo kama punje ya mchele. Kifyatulio, kiende laini bila kukwama. Na mkia wa hapa nyuma urefushwe kidogo, nyundo isikung'ate ngozi ya kiganja. Basi."

"Basi?" Wenefredo alimwaga mfuko wake juu ya meza ya kazi. Mlikuwa na kifyatulio cha rangi ya dhahabu, mdomo wa kasha la risasi mpana kama faneli ya mafuta ya taa, kitasa cha kidole gumba kirefu kama kijiko, uzito wa kufunga mbele ya mtutu, na vile vibao vya jogoo. "Wenzangu wote wanavyo."

"Wenzako wanapiga shabaha?"

"Wanajitahidi."

"Nimewaona wakijitahidi. Kuku wa uwanja ule wanakufa kwa uzee."

Lakini alivifunga vyote, kimoja kimoja, amebana midomo kama mtu anayemvisha mbwa shanga.

Kosa alilifanya Wenefredo. Watu wa huko, mashine mpya ikiingia karakanani, huichinjia kuku na kuimwagia damu kidogo, pepo aliyeko mahali pale ashibe asije akala kidole cha mtu. Wenefredo alisikia kwamba ni bahati. Alileta jogoo mweupe akamchinja juu ya bastola, damu ikaingia mtutuni.

Eleuteria alipoona alishika ukuta. "Mpumbavu we! Mashine inapewa damu kwa sababu haijawahi kuionja."

Kuanzia hapo mapambo yalianza kutoka, na vipande vya kale kurudi mahali pake. Baada ya vibao vya jogoo kikafuata kifyatulio cha dhahabu, halafu ile faneli, halafu kijiko, halafu ule uzito, kila mara baada ya usingizi wa mchana, kila mara juu ya jani la mgomba mahali pa sahani. Vile vitatu vya Anselmo havikuguswa. Crisanta, aliyekuwa na usingizi mwepesi, alisikia tupa ikipita juu ya chuma huko chini, polepole, na alipojaribu kuinuka mwili ulikuwa mzito kama nguo iliyolowa.

"Kaka, naogopa," alimnong'oneza Anselmo jikoni. "Kitu hiki kinaviweka mahali pa sahani yangu."

"Ni Baba huyo," alisema Anselmo, na hakunong'ona. Alikuwa anatabasamu. "Nani mwingine angejua cha kutoa na cha kuacha? Fundi yeyote wa Cebu angeacha walau kimoja kwa kumwonea haya mwenye mali. Huyu hana haya. Kazi safi."

Alikuwa na kiburi cha watu wasiokosea mara kwa mara, ambacho ni kibaya kuliko cha Wenefredo, kwa sababu hakichekeshi. Kila mchana alilala akiwa na hamu ya kuona kitakachotoka, na kila alipoamka alikuwa na maumivu katika kifundo cha mkono wa kulia, akayahesabu kuwa ya umri.

Siku ya sita hapakuwa na jani mezani. Ilikuwapo bastola yenyewe, imevuliwa mapambo yote, nzuri kama Anselmo alivyoitaka tangu mwanzo, na nyuma ya mpini, juu ya kile kipande cha usalama, waya wa shaba.

Eleuteria aliuhesabu bila kuugusa. Mizunguko saba, ncha imefichwa kushoto.

"Baba yenu aliukata huu kwa koleo," alisema. "Huyu si Dioscoro. Huyu ni yule ambaye waya wake haukuwa na kosa."

Walimwita Tomasa, mganga wa kutoka milimani, mwanamke mfupi aliyefika na uvumba katika kopo la maziwa na kuwadharau wote kwa usawa. Aliizungusha bastola kwenye moshi, akaamuru ikatwe. Anselmo aliifunga kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha meza ya kazi, akaikata kwa msumeno wa chuma vipande vitatu, machozi yakimtoka, huku Wenefredo akiuliza kama hapakuwa na njia ya kukata upande usioonekana. Tomasa alivitia vipande chokaani, akanusa hewa, akakunja uso.

"Kwenye chuma kimetoka," alisema. "Nani alikuwa anakisifu?"

Anselmo aliinama kuufuta msumeno. Tomasa alichukua kopo lake akaondoka.

Siku tatu nyumba ilitulia. Siku ya nne Crisanta alipika supu ya majani ya mlonge na samaki, Wenefredo akaketi mezani kusimulia alivyowahi kumiliki bastola ya kihistoria, na Anselmo, ambaye usingizi ulikuwa umemchukua kabla ya chakula, aliamka chini karakanani akiwa amesimama.

Mbele yake, kwenye rafu, zilikuwa bastola kumi na moja za wateja, na kila moja ilikuwa imefungwa waya wa shaba nyuma ya mpini, mizunguko saba, ncha kushoto, kazi safi isiyo na dosari, na ya kumi na moja ilikuwa na kasha lake ndani na nyundo imevutwa, na harufu ile ya sarafu ilikuwa nzito kiasi kwamba alidhani inatoka kwenye ukuta, kwenye sakafu, kwenye mafuta, mpaka alipoinua mkono wa kulia kujifuta jasho akaona vidole vyake vimekuwa vya kijani kwenye ncha, na kucha zimejaa vumbi la shaba, na mkono ule haukufika usoni, ulikuwa unashuka wenyewe kuelekea rafuni.

"Kaka! Chakula tayari!" Crisanta aliita kutoka juu, na upawa ukagonga sufuria.

Alipokawia, Crisanta alishuka ngazi kumwita, upawa bado mkononi. Alimkuta ameingiza kiganja cha kulia katikati ya meno ya jiliwa, akizungusha mpini wake kwa mkono wa kushoto, uso umekuwa wa majivu, mfupa tayari umeshalia.

"Rudi juu," alimwambia kwa sauti ndogo. "Rudi, dada. Usinisogelee."

Alizungusha mara moja zaidi. Upande wa pili wa jiliwa vidole vyake vitano, vilivyovunjika, vilikuwa bado vinakwenda taratibu, vikizungusha waya usiokuwepo, na vilipomaliza mzunguko wa saba viliificha ncha kushoto, vikaanza tena.